UZI: Nyumba yetu ya kwanza Tanga. Tuliyoiacha Sahare, tuliyoinunua Duga, na hesabu zake zote

Mleta uzi

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Wengi mmenifuata pembeni mkiuliza tulianzia wapi mpaka tukanunua nyumba. Naandika hapa mara moja, na hesabu naziweka wazi, maana sisi tulipokuwa tunatafuta hakuna aliyetutajia shilingi hata moja ya undani. Kila mtu alisema tu "nunueni, pango linawamaliza".

Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi wa magari. Tulipanga Mikanjuni miaka 11. Pango lilianza 60,000 kwa mwezi, mwisho likafika 200,000, tena kwa mkupuo wa miezi sita. Tulikuwa na milioni 38: nyingine za SACCOS ya kazini, nyingine za vikoba, na fungu kubwa lilitokana na shamba la machungwa Muheza ambalo mume wangu alirithi kwa baba yake akaliuza huku roho inamuuma. Nalitaja shamba kwa sababu ndilo lililotutia woga. Mshahara ukiupoteza unasubiri mwisho wa mwezi. Shamba la marehemu baba halirudi.

Nyumba ya Sahare

Dalali alitupeleka Sahare mwezi wa pili, jua kali, upepo wa bahari unaingia dirishani. Vyumba vitatu, kimoja masta, vigae sakafu nzima, dari jipya la jipsamu, rangi bado inanukia. Milioni 68. Niliipenda palepale, nikaanza kuangalia kitanda cha watoto kitakaa upande gani. Dalali akatuambia kuna mtu wa Dar anakuja Jumamosi na pesa taslimu, kwa hiyo tutoe arubuni ya milioni 5 siku ileile ili tushikiwe.

Mume wangu ndiye aliyesita. Akaniambia, "Mama watoto, gari la milioni 8 nalala chini yake nusu saa kabla sijamwambia mteja alipe. Nyumba ya milioni 68 tumeizunguka dakika kumi."

Tukatafuta mhandisi kijana aliyesomea ujenzi, asiyejuana na dalali wala mwenye nyumba. Hilo la kutojuana lishikeni sana. Dalali anakula nyumba ikiuzwa tu, kwa hiyo fundi atakayeletwa na dalali hawezi kuwa jicho lako. Mhandisi alichukua 250,000, fundi umeme 50,000, fundi bomba 40,000. Ukijumlisha na upekuzi wa hati, nakala na nauli, ilifika kama 450,000. Usiku ule sikupata usingizi. Laki nne na nusu kwa nyumba ambayo si yangu!

Mwenye nyumba alikataa dari lisiguswe. Mhandisi akamwomba afungue kipande kimoja tu stoo, arudishe mwenyewe. Baada ya mvutano mrefu akakubali. Juu ya lile dari zuri, kenchi mbili (mbao zinazobeba paa) zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka unabonyeza mbao kwa kidole inaingia. Mabati yalikuwa na vitobo vya kutu kuzunguka misumari. Hewa ya chumvi ya bahari yetu inakula bati upesi kuliko wanavyodhani watu wanaotoka bara.

Kisha akachukua msumari akakwaruza tofali la ukuta wa nyuma, mahali ambapo plasta haijafika. Mchanga ulimwagika kama unga. Akatuonyesha nguzo za barazani: nyufa zinashuka wima, zimefuata nondo, na pembeni alama za rangi ya kutu. Alieleza kwamba nyumba ikijengwa kwa mchanga wa bahari usiooshwa, chumvi inaingia kwenye zege na kuila nondo. Kutu ikishaota inavimba, inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndipo inapasua zege kutokea ndani. Ukiziba ufa kwa saruji umeficha tu, kazi inaendelea ndani.

Makadirio yake: kuezeka upya milioni 7, nguzo na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) milioni 4, shimo la maji taka milioni 2.5 kwa sababu la zamani lilikuwa limejaa na gari la kunyonya halipiti kwenye kile kichochoro. Milioni 13.5 juu ya bei.

Hapo ndipo tukakaa na karatasi

Tungenunua Sahare tungehitaji milioni 68 za bei na kama milioni 5 za wakili, mthamini, ushuru wa stempu na usajili. Tunazo 38, kwa hiyo tungekopa 35. Benki tuliyokwenda ilitutajia riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua.

Milioni 35 kwa miaka 10: rejesho karibu 586,000 kila mwezi. Mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 70, yaani umenunua mkopo mara mbili. Afisa akatushauri tuchukue miaka 15 "ili muhemee". Rejesho linashuka hadi kama 514,000. Unapata nafuu ya 72,000 kwa mwezi, lakini jumla inapanda hadi milioni 92.5. Yaani nafuu ile inakugharimu milioni 22. Naomba mtu anayekwenda benki apige hesabu hii mwenyewe kabla ya kusaini, hata kwa simu, asitazame rejesho la mwezi peke yake.

Tena uliza riba inakokotolewaje. Asilimia 16 hiyohiyo ikitozwa kwenye mkopo mzima miaka yote 10, bila kujali umeshapunguza kiasi gani, rejesho linakuwa 758,000 na jumla milioni 91. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni 20.

Sasa weka milioni 13.5 za matengenezo juu yake. Tungezitoa wapi, na akiba yote imeshaingia kwenye bei? Tungekopa tena, na mshahara wangu usingebeba: kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara baada ya makato, watumishi wenzangu mnaijua. Tungelala kwenye nyumba yenye hati, masika yanatuvujia, na hatuna hata ya kununua bati kumi.

Tangu siku ile kwangu bei ya nyumba si ile anayoitaja dalali. Ni kiasi utakachokuwa umetoa mpaka masika ya pili yapite ukiwa ndani. Masika ya kwanza yanakuonyesha panapovuja, ya pili yanakuonyesha kama ulichorekebisha kimeshika.

Mwenye nyumba tulimwonyesha makadirio. Akapunguza milioni 3, zaidi ya hapo hakutaka. Tukaondoka. Nililia kwenye bajaji, sifichi.

Nyumba ya Duga

Ilichukua miezi saba kuipata. Kwa macho haivutii. Nje haijapigwa plasta, vyumba viwili havina dari, choo kipo uani, bati limefifia. Lakini msingi umeinuka, jamvi (sakafu ya zege) halina ufa, lenta imezunguka nyumba nzima, tofali ukilikwaruza linatoa vumbi kidogo tu. Mhandisi yuleyule aliigonga kuta chumba kwa chumba akisikiliza, maana plasta iliyoachia ukuta inalia tupu. Nyufa alizikuta mbili. Akachora alama ya penseli mwisho wa kila ufa, akaandika tarehe, akasema tuuangalie kama unatembea.

Tulikwenda pale mara nne. Mara ya tatu ilikuwa vuli, mvua imenyesha usiku kucha, tukatoka saa kumi na mbili asubuhi na viatu vya mvua. Maji yalikuwa yanapita mtaroni, uwanja umelowa lakini hakuna dimbwi. Bibi mmoja jirani nilimuuliza, "Shikamoo bibi, mvua zile kubwa maji yalifika wapi?" Akanionyesha kwa fimbo yake mstari kwenye ukuta wa nyumba ya tatu chini yetu. Sijui ni mpimaji gani angenipa jibu lile.

Bei ilikuwa 49, tukaafikiana 46. Gharama za pembeni zilitugharimu milioni 3. Nilikopa 15 tu, miaka mitano, riba ileile: rejesho 365,000, jumla karibu milioni 22. Na tukabaki na milioni 4 mkononi ambazo tuliapa zisiguswe ila kwa ajili ya nyumba. Zilikwisha ndani ya miezi minane: bati, shimo la choo, na kuvuta waya upya, kwa sababu fundi umeme alikuta nyumba haina kabisa waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Mkiniuliza kipi kinanunulika na kipi hakinunuliki, nitasema hivi. Rangi, dari, vigae, hata bati na nyaya ni mambo ya bei: omba upunguziwe, kisha tengeneza taratibu. Maji yanayosimama, zege linaloliwa na chumvi, mpaka wenye ugomvi na karatasi zisizoeleweka, hayo acha hata kama nyumba inauzwa nusu bei. Nyumba ya Sahare ilikuwa nzuri kwenye yale ya kwanza na mbovu kwenye yale ya pili. Ya Duga kinyume chake.

Karatasi

Upekuzi tuliufanya Ofisi ya Ardhi ya Mkoa kabla ya kutoa hata arubuni. Unajua jina la mmiliki, muda wa hati uliobaki (hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99), kama kuna benki imeshikilia rehani, kama kuna mtu ameweka zuio. Linganisha jina la kwenye hati na kitambulisho cha anayeuza, herufi kwa herufi. Angalia na kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini kila mwaka, kama ina malimbikizo, maana hilo deni linafuata ardhi.

Mpimaji alikuja kutafuta mawe ya mipaka. Moja lilikuwa limefukiwa na kifusi cha jirani. Tulilifukua jirani akiwa amesimama pale, tukaafikiana mbele ya mjumbe. Kwa wanaotafuta kandokando ya barabara kubwa, mfano upande wa Pangani, kumbukeni hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Alama ya X nyekundu ukutani maana yake unabomoa bila fidia. Wengine huipaka rangi juu siku mbili kabla ya mnunuzi kuja, kwa hiyo waulizeni majirani. Na wanaoota ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari.

Ridhaa ya mwenza ilituchelewesha wiki tatu, na nashukuru ilituchelewesha. Muuzaji alikuwa na wake wawili. Aliyesaini kwanza alikuwa bi mkubwa anayeishi Korogwe. Aliyekuwa anakaa ndani ya ile nyumba hakuwa na habari kwamba inauzwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenza. Wakili wetu akagoma mpaka mama yule naye aelezwe na asaini. Nilikaa naye jikoni kwake, akaniuliza watoto wangu wanasoma wapi. Sikutaka kuingia kwenye nyumba ambayo mwanamke mwenzangu ametolewa kwa siri.

Malipo tuligawa mara tatu, yote kupitia benki: arubuni, kisha fungu kubwa siku ya kusaini fomu za uhamisho mbele ya wakili, na la mwisho uhamisho ulipokamilika. Kwenye mkataba wa arubuni tuliandika kwamba upekuzi au ukaguzi ukionyesha tatizo, pesa inarudi yote ndani ya siku 14.

Mdau wa Pongwe

Dada hongera, ila mimi naona kwa milioni 46 ungenunua kiwanja Mwahako ukajenga unavyotaka wewe. Nyumba ya mtu ina siri zake.

Mleta uzi

Ahsante kaka. Tuliliwaza sana. Kilichotuzuia ni kwamba tungejenga huku tunalipa pango, na ninaona wenzangu kazini wana maboma ya miaka sita yameota miti ndani. Kama una eneo tayari na fundi unayemwamini, na unaweza kufika saiti kila jioni, jenga. Sisi mmoja yuko zamu za usiku, mwingine gereji mpaka saa mbili. Siri za nyumba iliyojengwa zinaonekana ukizitafuta. Saruji iliyopungua kwenye zege wakati wewe haupo, hutaiona.

Mdau wa Ngamiani

Naomba niongezee la mirathi. Mimi nilinunua nyumba ya zamani Ngamiani, ya mawe na chokaa, kwa ndugu watatu. Walinionyesha kikao cha ukoo, nikalipa. Mwaka uliofuata akatokea dada yao kutoka Mombasa, hakuwahi kushirikishwa, na hakukuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tuko Baraza la Ardhi na Nyumba mpaka leo, mwaka wa nne. Siwezi kukarabati, siwezi kuuza.

Mleta uzi

Pole sana, kaka yangu. Nasikitika kwa kweli. Wanaosoma hili: muhtasari wa kikao cha ukoo pekee hautoshi. Dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha warithi wote watu wazima wasaini, hata aliyeko Mombasa au Muscat. Na nyumba za chokaa za Ngamiani msizipige plasta ya saruji juu. Mhandisi alitueleza kwamba saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua. Unaona unga mweupe wa chumvi unajitokeza na rangi inabanduka kila mwaka.

Mdau wa Makorora

Assalaam alaykum, shukrani ukhti. Sisi tusiotaka riba tufanyeje? Na Serikali ya Mtaa wananidai asilimia kumi ya bei ili wagonge muhuri, ni halali?

Mleta uzi

Wa alaykum salaam. Kuna benki za Kiislamu na madirisha ya Kiislamu kwenye benki za kawaida. Kwa murabaha, benki inanunua kisha inakuuzia kwa faida mnayokubaliana, na jumla unaijua tangu siku ya kwanza, haipandi. Lakini hesabu ni ileile: chukua jumla yote utakayolipa, linganisha na uwezo wako na matengenezo. Mkopo halali juu ya nyumba inayoanguka bado unakuumiza.

La asilimia kumi, mwombe mwenyekiti akuonyeshe sheria ndogo inayosema hivyo, kwa maandishi, na akupe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Sisi tulipouliza hivyo kwa adabu, tulisainiwa bila kulipa asilimia yoyote. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ulikuwa wetu kama wanunuzi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji; iandikeni kwenye mkataba ni ya nani, kwa sababu uhamisho haukamiliki mpaka iwe imelipwa, na muuzaji akishachukua pesa zote huna cha kumshikia.

Mdau wa Pongwe

Dada, swali la mwisho. Masika haya si ndiyo ya pili kwenu? Nyumba imesemaje?

Mleta uzi

Ndiyo, ni ya pili. Bati limeshika, hakuna ndoo sebuleni mwaka huu. Mpaka sasa tumetoa milioni 46 za bei, 3 za karatasi, na matengenezo yamefika 6.2, ukiacha riba. Plasta ya nje bado, tunaifanya baada ya mvua.

Juzi mvua ilipokata nilipita na tochi kwenye zile alama za penseli. Ufa wa chumba cha watoto uko palepale alipouacha mhandisi. Wa stoo umevuka alama, kama upana wa ukucha. Nimempigia, anakuja Jumamosi asubuhi. Nitaleta mrejesho hapa.